Mama Zima Kwanza na Mashine Namba Nne

Mama yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na muuza mkaa. Alimaliza darasa la saba mwaka 1973. Hesabu alizipenda mno. Kilichomshinda ni kukaa kimya mwalimu akikosea.

Mwaka 1979 aliajiriwa na kiwanda cha plastiki kuchambua ndoo na mabeseni, baadaye akawa mwendesha mashine. Siku moja fundi umeme alipandisha kiti juu ya meza ili afikie taa, akamwomba amshikie. Mama akakataa. "Mimi siolewi na mtu wa kuanguka. Kalete ngazi." Baba hakuwa hata amemposa! Lakini ngazi aliileta, na mwaka 1982 wakaoana.

Tunalojivunia zaidi lilitokea tarehe 9 Agosti 1996. Mama alikuwa msimamizi wa zamu. Beseni lilinasa ndani ya mashine namba nne, kazi ilikuwa imechelewa, naye akaingiza mkono kulinasua bila kuzima. Mfagiaji, mama mmoja mwenye wiki mbili tu kazini, alimwona, akakimbilia swichi nyekundu. Mashine zote zikasimama. Meneja akatoka ofisini amefura.

"Nani amekuruhusu kugusa swichi? Chukua vitu vyako uondoke!"

Mama angeweza kunyamaza, maana hakuna mwingine aliyeuona mkono wake. Alisema mbele ya zamu nzima: "Bosi, mwenye kosa ni mimi. Niliingiza mkono mashine ikiwa inatembea. Huyu ukimfukuza, kesho mtu atasagwa wenzake wakitazama tu, kila mmoja akiogopa kibarua kuota nyasi."

Mama alipewa barua ya onyo. Mfagiaji akabaki.

Kuanzia hapo zamu yake ilianza kwa dakika kumi za kuulizana: jana nani aliponea chupuchupu? Wa kwanza kusimulia alikuwa yeye, na aliyesema hakugombezwa. "Zima kwanza, ndipo uguse," alirudia hadi likawa jina lake. Meneja alianza kwa kuguna. Mwaka uliofuata alisimama mwenyewe akaeleza alivyoteleza kwenye ngazi akisoma barua. Mama alirudi nyumbani siku hiyo anaimba. Alistaafu mwaka 2018, zamu ikiwa na miaka kumi na tisa bila mtu kuumia, akamkabidhi usimamizi yule yule mfagiaji.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Hata wodini hakuacha: "Sista, hapo chini pana maji, mtu atavunjika kiuno." Sista alicheka, akaleta tambara. Mama alifariki Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, baba akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na mdogo wake mmoja. Kiwanda leo kimefungwa hadi saa nane kwa ombi la wafanyakazi wenyewe. Wamekuja wote, na wote ni wazima.

Mungu akupokee, Mama. Pumzika, kazi umeifanya.