Jeraha Kamwua Mdogo Wake

Benchi ni langu, nalisema mapema ili tusigombane. Nililiweka kwa ajili ya wanywa kahawa, lakini wanywa kahawa wa kona hii kikombe kimoja wanakishika tangu asubuhi mpaka kivuli kihame ukutani. Nyuma yake kuna kibanda cha kinyozi, mbele yake, ng'ambo ya barabara, kuna karakana ya kuchomea vyuma. Siku hiyo benchi lilijaa mapema na hakuna aliyenisalimia. Jana yake ukumbi wa video ulikuwa umeonyesha Jeraha sehemu ya tisa, filamu ambayo mtaa mzima umeifuata tangu hawa wanaume wakiwa na nywele kichwani, na wote walikuja wamevimba. Nikawamiminia kahawa, nikaomba Mungu anipe subira, nikajua sitapewa.

Wembe ndiye kinyozi. Alikuwa amemwacha mteja ndani na povu shavuni ili aje kusema.

Wembe: Jeraha ameisha. Sehemu ya kwanza mpaka ya tatu alikuwa anapiga ngumi, mtu unasikia mfupa. Jana nimekaa mpaka makalio yakafa ganzi, naye anabonyeza simu. Adui anakufa kwa simu.

Betri: Dunia imeendelea, wewe umebaki kwenye ngumi.

Wembe: Unatetea simu kwa sababu kazi yako ni kutengeneza simu.

Betri: Na wewe unatetea ngumi kwa nini? Unapiga wateja?

Mimi: Mnakunywa au mnakipasha moto kikombe kwa mikono?

Cheche: Mtu kamwua mdogo wake, nyie mnagombania simu.

Huyo Cheche ndiye mwenye karakana ile ya ng'ambo, na saa hiyo alipaswa kuwa ndani yake. Alikuwa amekaa kwangu, miwani ya kuchomea imepanda kwenye paji la uso, mkono mmoja mfukoni. Alikuwa ameshika kitu humo na hakukiachia hata alipokunywa.

Cheche: Darajani pale. Mdogo kashuka garini, kanyoosha mikono. Jeraha hakusema neno. Kampiga risasi, kamwangalia akianguka mtoni, kisha kaingia garini akafungua redio. Redio, jamani. Ndugu wa damu, aliyemwendeshea gari tangu sehemu ya nne.

Betri: Alikuwa msaliti.

Cheche: Msaliti ni msaliti, ndugu ni ndugu. Mwenye filamu hii amelaaniwa.

Hapo sikumshangaa, maana hakuna asiyejua habari ya Cheche na sehemu ya nne. Yeye na mdogo wake waligombania nyumba ya marehemu baba yao, wakaishi miaka tele mtaa mmoja bila salamu. Mmoja akija kunywa kahawa, mwingine anapita kando. Siku ya sehemu ya nne, Jeraha alipomwambia mdogo wake garini kwamba mali hugawanywa lakini tumbo la mama halikatwi mara mbili, Cheche alisimama katikati ya ukumbi, akawakanyaga watu miguu, akaenda moja kwa moja kumgongea mdogo wake mlango. Kesho yake mdogo alikuwa karakanani ameshika nyundo. Tangu hapo wanafanya kazi pamoja, na sehemu ya nne kwa Cheche haikuwa tena filamu ya kuchekea.

Sasa wiki hii mdogo alikuwa amekubali kazi ya geti la zahanati bila kumwuliza kaka yake. Cheche alinuna siku mbili, kununa kwa kawaida kwa ndugu. Lakini jana, alipotoka kumwona Jeraha akiua, alipitia karakanani akaifungia mashine ya kuchomea kwenye chumba cha nyuma kwa kufuli jipya. Kitu alichokishika mfukoni kilikuwa ufunguo wa kufuli hilo.

Wembe: Wewe umeshamlaani mwenye filamu, halafu unamfuata?

Cheche: Simfuati. Nasema Jeraha alisamehe kuliko mtu yeyote, na amechoka. Kama yeye amechoka, mimi ni nani? Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Mimi: Hiyo ni ya watoto.

Cheche: Kwani mdogo ni nini?

Betri: Halafu hakufa. Nyie hamkutazama vizuri. Mdogo kaanguka na simu mfukoni, na ile simu ilikuwa inawaka chini ya maji. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sehemu ya kumi anatoka mtoni.

Wembe: Hiyo ni ya chombo cha baharini, yule kaanguka mtoni. Na kwa taarifa yako, yule aliyepiga risasi si Jeraha. Jeraha mwenyewe alikufa zamani, huyu wamembandika. Mimi nashika masikio ya watu kutwa nzima. Sikio la sehemu ya kwanza limelala. Hili la jana limesimama.

Betri: Masikio ya mtu yanasimama akizeeka.

Wembe: Ya nani? Ya sungura?

Betri: Basi nikwambie kinachoendelea, ukitaka kucheka cheka. Wenye kampuni ya filamu ndio wenye kampuni ya televisheni. Ndugu wakipatana wanatazama televisheni moja. Wakigombana kila mmoja anataka yake. Ndiyo maana wamemwua mdogo. Hii ni mipango.

Wembe: Na kufuli. Usisahau kufuli. Cheche jana kanunua kufuli.

Betri: Umeona? Dunia nzima jana imenunua kufuli.

Walikuwa wanasema hayo kwa hasira kweli, mishipa ya shingo imewatoka. Mtu asidhani walikuwa wanatania. Betri alipiga benchi kofi, kahawa ikaniruka kwenye kandambili. Nikamwambia akipiga tena nitamtoza benchi.

Aliyekuwa hasemi ni Spika peke yake. Yeye zamani ndiye aliyekuwa akisimama kando ya skrini na kipaza sauti, akituletea filamu nzima kwa Kiswahili: kicheko yeye, kilio yeye, na mama wa mtu yeye vilevile. Kisha mwenye ukumbi akaanza kuleta filamu zenye maandishi chini, ambayo benchi langu halina subira ya kuyasoma, akamshukuru, akamwambia apumzike. Asubuhi hiyo Spika alikuwa anapuliza kahawa iliyopoa tangu zamani.

Mke wa mdogo wake Cheche akavuka barabara. Ameolewa juzi tu na ametoka mji mwingine, kwa hiyo kona hii ilikuwa haijamzoea. Mikono yake ilikuwa na rangi ya geti mpaka kwenye viwiko.

Shemeji: Hamjambo nyote. Shikamoo, shemeji.

Cheche: Marahaba.

Alikuwa amekasirika, lakini marahaba ilimtoka. Adabu aliyofunzwa mtu utotoni haingoji ruhusa.

Shemeji: Mwenzako anaomba ufunguo. Watu wa zahanati wanakuja kuchukua geti leo, na bawaba ya chini haijachomewa. Kulisimamisha nako kunataka watu wawili, mimi nimeshindwa.

Cheche: Kamwambie akaombe ufunguo kwa aliyempa kazi.

Wembe: Usimlaumu, shemeji. Ana uchungu. Jeraha kamwua mdogo wake.

Shemeji: Jeraha ndiye nani? Jirani?

Betri: Wa filamu. Sehemu ya tisa, pale darajani.

Shemeji: Ile? Tuliiona kwetu kabla sijaolewa. Mbona pale kamwua dereva?

Cheche: Dereva ndiye mdogo wake.

Shemeji: Dereva ni dereva, shemeji. Alikodiwa sehemu ya nne, akauza siri sehemu ya nane. Kaka zangu walikuwa nazo zote, nimesoma maandishi tangu mwanzo. Jeraha hana ndugu. Sehemu ya pili si alisema kwenye kaburi la mama yake kwamba amebaki peke yake?

Wembe: Pale alikuwa anaomba mvua.

Shemeji: Mvua ya nini, kaburini?

Ndani ya kibanda mteja aliita kwamba povu linamkauka, hakuna aliyemjali.

Shemeji: Kwani nani aliwaambia ni ndugu?

Benchi zima likageuka polepole kumtazama Spika. Mimi mwenyewe niligeuka na birika mkononi. Spika aliweka kikombe chini, akaufuta mdomo ingawa haukuwa na kitu.

Spika: Mlikuwa mnanitupia maganda ya karanga.

Cheche: Nini?

Spika: Sehemu ya nne. Kuna mahali wanaume wawili wamo garini. Wanakwenda, hawasemi. Kona, hawasemi. Mlima, hawasemi. Ukumbi ukaanza miluzi, maganda yakaanza kunipata kichwani. Filamu ikinyamaza hamkuwa mnaitukana filamu, mlikuwa mnanitukana mimi. Nikawatazama wale wawili, nikasema, hawa hawasemeshani na hakuna anayetaka kushuka. Wangekuwa wageni wangezungumza hata habari za joto. Nikasema basi, ni ndugu.

Betri: Ukatunga.

Spika: Nikajaza. Yule mkubwa nikampa maneno ya kusamehe. Ukumbi ukalia. Sasa sehemu ya tano ningekuja kuwaambia nini?

Wembe: Na yule mama mkwe wa sehemu ya sita, aliyemfukuza Jeraha?

Spika: Hakimu.

Wembe: Hakimu! Mimi nilimtukana mama mkwe wangu kwa sababu ya yule mwanamke.

Betri: Nimekaa hapa miaka natetea hadithi, kumbe natetea karanga.

Cheche akasimama. Ni mtu mpana, na alipomwinamia Spika jua lilimpotea mzee wa watu.

Cheche: Nilitoka ukumbini nikaenda kugonga mlango wa mtu niliyeapa sitamgongea. Nililia mlangoni, Spika. Nililia mbele ya wapangaji. Kwa maneno yako ya kujazia?

Spika: Ya kujazia, ndiyo.

Cheche: Tumbo la mama halikatwi mara mbili. Hilo nalo?

Spika: Hilo nililisikia kwa mama yangu. Wale garini hata midomo haikutikisika.

Cheche: Umenichezea.

Spika: Sikujua kama umo ukumbini. Kulikuwa na giza.

Nilidhani atampiga. Nilishaweka birika chini niwahi kuingia katikati, na moyoni nikimtukana Spika na Jeraha na aliyevumbua filamu. Mtu akikuta kitu alichokijengea maisha ni maneno ya mtu aliyekuwa anakwepa maganda, hasira yake haina pa kukaa. Niliona ikitafuta: ikamtazama Spika, ikanitazama mimi, ikavuka barabara, ikarudi.

Shemeji hakuwa amesogea. Rangi ilikuwa inamkaukia mikononi.

Shemeji: Mimi filamu zenu sizielewi, nauliza moja tu. Kama Jeraha hakumsamehe ndugu, na wala hakumwua ndugu, wewe mashine umeifungia nini?

Wembe alitazama dari, na benchi langu halina dari. Nilimsubiri Cheche ataje ile kazi ya zahanati, lakini sote tulijua kazi ile alikwisha kuinunia siku mbili na ikaanza kumtoka, na yeye alijua kwamba tunajua.

Betri: Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.

Kwa mara ya kwanza mwaka huo Betri alikuwa ameipata methali mahali pake, na hakuna aliyempongeza. Niliinua birika nimjazie Cheche, nimpe kitu cha kufanya. Likatoa mashapo.

Mimi: Kahawa imekwisha.

Cheche: Sijamsamehe.

Shemeji: Sikukuuliza hilo.

Cheche: Kakubali kazi bila kunishirikisha. Sijamsamehe. Nakwenda kwa sababu ya geti, zahanati haina kosa.

Akashusha miwani, akavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, pikipiki ikamkwepa na kumpigia honi. Shemeji akamfuata nyuma. Tulimwona akiingia chumba cha nyuma, tukasikia kufuli, tukamwona akiburuta mashine. Mdogo wake alikuwa amechuchumaa kando ya geti. Alisimama. Hakuna aliyetoa mkono. Mkubwa akaenda upande mmoja, mdogo upande wa pili, wakainama pamoja, geti likapanda. Likasimama. Walilishika hivyo, kila mmoja akiangalia chuma kilicho mbele yake, na hawakusemeshana hata neno moja.

Spika alijisogeza mbele, akakohoa kusafisha koo, kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kushika kipaza sauti.

Wembe akamshika goti.

Wembe: Thubutu.