Polycarp Mbawala, Aliyebisha Hodi Chemchemini

Ndugu waombolezaji, majirani wa Observatory, na ninyi mliotoka Berea, Randburg na nyumbani Tanzania, familia imeomba maisha ya mpendwa wetu yasomwe mbele yenu kama yalivyokuwa, bila kuongezwa chumvi, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mtu wa vipimo na asingependa tumzidishie hata sentimita.

Polycarp Mbawala alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, Peramiho, Tanzania, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Otmar Mbawala na mama Tabia, alisoma shule ya msingi hapohapo na sekondari Songea, kisha mwaka 1972 akaenda Dar es Salaam kujifunza upimaji ardhi, akahitimu mwaka 1974 na kuajiriwa katika ofisi ya ardhi Morogoro, ambako kwa miaka kumi na minane alisimika mawe ya mipaka katika mashamba ya watu, akisuluhisha ndugu waliogombea mstari wa miembe miwili, na akajifunza, kama alivyopenda kusema, kwamba ardhi haigombani na mtu.

Hapo Morogoro mwaka 1981 alikutana na Nozizwe, mwalimu, binti wa wakimbizi wa kisiasa kutoka Afrika Kusini, wakafunga ndoa tarehe 11 Juni 1983 na kujaliwa watoto wawili, Jabari, aliyezaliwa 1984, na Beatha, aliyezaliwa 1987, na nchi ya mama ilipofunguka familia ilihamia Johannesburg, Machi 1993, ikapanga vyumba viwili Berea hadi 1999 iliponunua nyumba hapa Observatory, naye akafanya kazi katika ofisi ya wapimaji huko Randburg mpaka alipostaafu tarehe 19 Desemba 2014.

Mtu aliyetembea maisha yake yote akifuata mistari ya wengine hakujua akae vipi kwenye kiti, na mwezi mmoja baada ya kustaafu, akipekua ramani ya zamani, aliona bonde dogo kaskazini-magharibi ya jiji, lenye kijito kinachotoka chini ya mawe ya chokaa, na kijia cha miguu kilichopanda na maji upande mmoja na kushuka nayo upande wa pili, duara kamili la kilomita kumi na moja na mita mia nne. Alikwenda kuliona na mama Nozizwe, na mezani jioni hiyo alisema maneno machache tu, kwamba ameona maji ambayo ukiyatazama unaona kokoto zake zote, moja moja, na kwamba hajui kwa nini amekaa mji huu miaka ishirini na miwili bila mtu kumwambia.

Tangu hapo Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi ilikuwa ya bonde, akawavuta na wengine, dada Jeannine, msusi kutoka Bukavu, Octave, mlinzi wa usiku, na watu wa makanisa na vyumba vya Berea ambao hawakuwa wamekanyaga majani tangu wafike nchi hii, na katika ukame wa 2015 na 2016, jiji lilipokuwa likihesabu ndoo, Polycarp alichomeka kijiti chenye alama majini na kila mwezi akakuta maji palepale, kwa kuwa, alivyoeleza, hayo si mvua ya mwaka huu, ni mvua iliyonyesha zamani, labda kabla Jabari hajazaliwa, ikashuka gizani ndani ya mwamba na sasa ndiyo inafika, na dada Jeannine aliposikia hivyo alivua viatu kabla ya kuvuka.

Lakini duara lile lilikuwa limekatika, kwa kuwa hatua mia sita na arobaini za njia, pamoja na chemchemi yenyewe, zilikuwa ndani ya shamba la mzee Terblanche, nyuma ya lango lenye kufuli, hivyo watembeaji walifika hapo wakageuka na kurudi walikotoka, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameona maji yale yanapozaliwa. Polycarp alitamani jambo hilo kuliko alivyowahi kutamani kitu, mama Nozizwe anashuhudia kwamba alilizungumza usingizini, na ramani ilimpa haki, maana njia ilichorwa humo tangu 1911, na palikuwa na wakili aliyejitolea kumpeleka mzee yule mahakamani, lakini Polycarp alikataa, akasema kwao mtu haingii kwa mtu na ramani, anaingia na hodi, akawa anasimama langoni kila Jumamosi ya kwanza, anaita hodi mara tatu kwa sauti ya kawaida, anasubiri, asipojibiwa anageuka.

Alifanya hivyo mara ishirini na tisa, na wenzake hawakumhurumia, dada Jeannine alimwambia, "Papa, ule mzungu haiko na masikio, uko napigia ngombe hodi," na Octave, akilipima kufuli kwa jicho la kazi yake, alisema, "Mzee, hili ni dakika mbili tu," naye Polycarp akamjibu, "Dakika mbili za kuvunja, Octave, halafu utatembea juu ya hasira ya mtu, utaona nini humo?" na wote wakageuka, wengine wakinung'unika, kwa kuwa kupanda kilomita tano na kugeuzwa na kufuli si jambo dogo.

Tarehe 4 Julai 2017 Bakiri, mchungaji wa ng'ombe wa shamba lile, mtu wa Malawi aliyezoea kuwasalimia watembeaji, alipiga simu kwamba mke wa mzee Terblanche, bibi Hester, amefariki, na Polycarp hakufikiri mara mbili, akasema nyumba uliyoibishia hodi miaka miwili ni ya jirani, na jirani akifiwa watu wanakwenda kukaa matanga, basi Jumamosi ya tarehe 8 teksi mbili, yale mabasi madogo ya hapa, zikashusha watu kumi na tisa langoni, na mikeka, masufuria matatu, gunia la unga, kuni, na turubai la kujikinga upepo.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na Polycarp alilicheka mpaka mwisho wa maisha yake, kwamba yeye, mpimaji, alisahau yuko nchi gani, kwa kuwa katika nchi hii watu wakishuka kwenye ua wa shamba na turubai na kuni, hakuna anayedhani wamekuja kulia, hudhaniwa wamekuja kunyakua ardhi, na kabla maji hayajachemka yalikuwa yamefika magari manne ya wakulima wa jirani na gari la polisi. Afisa aliuliza nani kiongozi wa uvamizi huu, mama Nozizwe akainuka mkekani akamwambia kwa lugha ya kwao, "Mwanangu, tumekuja msibani, wewe umekuja na nini?" na kijana yule alitazama masufuria, akasema, "Eish," akavua kofia.

Mzee Terblanche alitoka mwenyewe, akasimama nyuma ya lango, akauliza nani kati yao alimfahamu mke wake, na Polycarp akamjibu, "Hakuna, baba, ndiyo maana tumekuja, tukusikilize ukituambia," na ugali ulipoiva mzee yule akafungua kufuli, akatoka, akaketi juu ya kreti tupu na kuanza kusimulia, na alisimulia mpaka saa kumi, teksi zilipopiga honi. Jioni alifunga lango lake kama kawaida, na Octave alipolalamika kwenye teksi, Polycarp alisema hawakwenda kwa ajili ya lango, na mwezi wa Agosti hakwenda kabisa, akisema mtu habishi hodi ya haja yake ndani ya arobaini.

Tarehe 2 Septemba 2017 aliita hodi ya kwanza, akaita ya pili, na ya tatu haikuhitajika, kwa kuwa mzee Terblanche alikuwa amesimama na ufunguo mkononi, akawatangulia zile hatua mia sita na arobaini mpaka chini ya jabali jeupe, ambako maji yanapanda kutoka kwenye giza bila sauti, mengi, ya buluu kwa kina, yakiinua mchanga mweupe kana kwamba kuna kitu kinapumua chini yake, na mtu ambaye hakuwahi kutazama kitu bila kutaka kujua urefu wake hakutoa futi mfukoni siku hiyo, alipiga magoti, akatumbukiza mkono mpaka kiwikoni. Kisha wakaendelea mbele na kushuka upande wa pili, na kwa mara ya kwanza hawakugeuka.

Novemba 2018 aligundulika kuwa na ugonjwa wa mapafu, akatibiwa kwa uaminifu, akatembea kadiri alivyoweza, na tarehe 4 Mei 2019 pumzi ilimwishia pale chemchemini, akaketi kwenye jiwe karibu na mzee Terblanche na kuwaambia wenzake, "Nendeni, msinionee huruma, mkiifuata tu njia mtanikuta," nao wakaondoka kwa shida, mama Nozizwe akigeuka nyuma kila hatua, lakini siku hiyo hawakuishia darajani, pale teksi zilipowasubiri, waliendelea kuzunguka, na baada ya saa tatu na nusu walitokea kwake kutoka upande wa pili, akawaona wanakuja usoni pake, akapiga makofi kama mtoto.

Alifariki hospitalini Jumatatu tarehe 19 Agosti 2019, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na minane na siku tano, ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Observatory mliofungua nyumba zenu, wafanyakazi wenzake wa Randburg, watembeaji wote wa Jumamosi ya kwanza, ndugu Bakiri, na mzee Terblanche, ambaye mwezi Juni mwaka huu aliiandikisha njia ile katika hati ya shamba lake, kwa mchoro ambao Polycarp aliuchora kitandani kwa mkono wake, kazi yake ya mwisho, ili atakayerithi au kununua shamba hilo akute humo mstari, na kando yake maneno haya, watu wanapita hapa.

Baba Jabari, pumzika sasa, na amani ya Mungu ikae nawe.