Maiki Kabatini: Moja-Mbili Anatuaga Baada ya Miaka Thelathini na Moja

Tarehe 30 Juni, saa kumi kamili jioni, fundi mkuu wa sauti wa ukumbi wetu atarudisha funguo na kustaafu rasmi, baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja. Uongozi umeniomba niandike maneno machache ya kumsifu. Mimi ni mpiga dramu wa bendi ya ukumbi, na kwa miaka kumi na minne nimemwomba mtu huyu maiki moja ya ziada kwenye dramu zangu. Jibu lake halijawahi kubadilika: “Dramu hazihitaji maiki, zinahitaji adabu.” Basi msomaji ajue mapema kwamba sifa hizi zinatoka kwa mtu mwenye kinyongo.

Alianza kazi kama mkunja waya, na hadi leo ukimkuta mtu anakunja waya kwa kuuzungusha kwenye kiwiko, ujue ni mgeni. Mwenyeji akifanya hivyo hunyimwa salamu wiki nzima. Jina la Moja-Mbili alilipata kwenye majaribio ya sauti, kwa sababu husimama mbele ya kila maiki akisema “moja, mbili, moja, mbili” mpaka mtu unatamani kumfundisha hesabu. Lakini sikio analo. Aliwahi kutoka chooni mbio, mkanda unaning’inia, kwa kuwa alisikia spika ya kushoto inakoroma. Sisi tuliokuwa jukwaani hatukuwa tumesikia kitu.

Tabu ilianza mwaka jana. Mkurugenzi alirudi kutoka safari, akasema ameona waimbaji wanatembea watakapo, ilhali wetu anasimama mahali pamoja kama mbuzi wa kufungwa. Ikaja barua. Fundi achague maiki zisizo na waya, zianze kazi siku ya maadhimisho ya miaka hamsini ya ukumbi. Sauti ikikatika siku hiyo, bendi nzima, watu kumi na mmoja, itaondolewa na mahali pake patakaa kompyuta na mtu wa kuibonyeza. Nilisoma barua ile nikiwa nimesimama, nikatafuta kiti.

Moja-Mbili, ambaye waya kwake ni ndugu wa damu, alichukua miezi minane kuchagua. Alikusanya maiki za majaribio, akazipanga mezani, akazitazama kwa jicho la mtu anayechumbia kwa kulazimishwa. Alizidondosha sakafuni, akazifunga kwa kitambaa kibichi ili ajue jasho litazifanya nini, akaziacha zimewashwa mbele ya redio mpaka betri zikaisha, na saa akaziandika kwenye daftari. Zilizobaki alizijaribu ukumbini Jumatatu asubuhi, pakiwa na yeye na viti mia sita vitupu. Mwishowe alichagua zenye taa shingoni, zinazobadilika rangi, kwa kuwa mkurugenzi alizisifu. Mwimbaji wetu, ambaye ndiye angezishika, hakuulizwa. Miaka kumi na tisa anaimba hapa, na ilionekana hana la kuongeza kuhusu maiki.

Sasa maiki isiyo na waya hutuma sauti hewani, na sharti pawe na kisanduku cha kuipokea. Moja-Mbili aliviweka visanduku vyake kwenye kabati la chuma nyuma ya dramu zangu. Siku za majaribio mlango ulikuwa wazi. Siku ya maadhimisho, kwa kuwa kitu kipya hapa kwetu ni lazima kifungwe, aliufunga mlango, akatia kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akarudi kwenye meza yake ya sauti mwisho wa ukumbi akiwa na amani ya moyo.

Alasiri ile ukumbi ulifurika. Wimbo wa kwanza ulikwenda kwa kukohoakohoa. Katikati ya wa pili sauti ilipotea kabisa, mwimbaji akabaki anafungua mdomo, na taa za maiki zikaendelea kubadilika rangi kwa furaha. Lawama ya kwanza ilinishukia mimi. Moja-Mbili alikuja mbio jukwaani akadai matoazi yangu yanameza mawimbi. Nikamwonyesha kabati kwa fimbo: chuma kilichofungwa hakipitishi mawimbi. Alisimama, sura ikamshuka, akaanza kujipapasa mifuko. Kufuli lilipofunguka sauti ilirudi kwa nguvu zote, na ikamkuta mwimbaji anamwambia mpiga besi: “Huyu mzee na makufuli yake atatuua njaa!” Watu mia sita walicheka. Mkurugenzi hakucheka.

Tulipewa wiki sita na onyesho moja la mwisho. Nilitegemea Moja-Mbili atatafuta wa kumsingizia, maana kipaji hicho anacho. Badala yake alikuja kwenye chumba chetu cha mazoezi, akavua kofia, akasema mbele ya wote: “Wanangu, mimi ndiye niliyewazima. Nilijaribu vyombo bila kuwajaribu watu.” Mwimbaji ndiye aliyevuta kiti akamkalisha.

Baada ya hapo akachagua upya, safari hii kama mtu mwenye akili timamu. Alikuwa amesoma kwamba miili ya watu nayo hupunguza mawimbi, kwa hiyo wafanyakazi wote tulipangwa vitini, wahasibu kwa wapishi wa kantini, tukakaa kama magunia kwa saa mbili. Mwimbaji alipewa maiki tatu, akalowesha viganja, akaimba wimbo uleule kwa kila moja huku akitembea kutoka jukwaani hadi mlango wa nyuma. Alichagua nyeusi, nzito kidogo, isiyo na taa, yenye sura mbaya. “Hii haitelezi, na pumzi zangu inaziacha zilivyo,” alisema. Moja-Mbili aliandika maneno hayo daftarini. Visanduku vilitoka kabatini vikawekwa juu ya stendi ndefu, peupe, vinatazamana na jukwaa. Kabati sasa linatunza mifagio.

Onyesho la mwisho lilikwenda bila dosari mpaka wimbo wa kufunga. Hapo mwimbaji alishuka ngazi, jambo ambalo waya haukuwahi kumruhusu, akapita katikati ya watu akiimba mpaka kwenye meza ya sauti, akasimama ubavuni mwa Moja-Mbili. Ghafla spika zikanyamaza. Watu wa mstari wa mbele hawakusikia chochote ila dramu zangu. Mkurugenzi alisimama. Akilini nikawaona wanangu, nikaiona kompyuta. Ikapita nusu ya ubeti, kisha sauti ikarudi kamili, watu wakapiga makofi wakidhani ndivyo tulivyopanga, na mkurugenzi akakaa akipiga makofi kuliko wote. Bendi ikabaki.

Nilimfuata kumuuliza ni kitu gani kilichoharibika. “Hakuna,” akasema. “Nilizima spika mwenyewe. Miaka kumi na tisa namsikiliza mwimbaji wetu kwenye spika. Nilitaka nimsikie yeye.”

Ajira za watu kumi na mmoja aliziweka rehani kwa nusu ya ubeti. Nimekasirika mpaka leo, na ningekuwa nimesimama pale, kidole changu kingefika kwenye kitufe cha kuzima kabla ya chake.

Mzee, asante kwa miaka yote hiyo. Tunakutakia afya njema, usingizi wa kutosha na nyumba yenye kelele za wajukuu. Jumamosi tunapiga saa tisa alasiri. Njoo ukae kiti cha mbele, karibu kabisa na jukwaa, spika zisikufikie.