Misalaba ya Kupandia: Risala ya Watunza Njia wa Ellernfurt kwa Mkuu wa Wilaya

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya; mchungaji wetu; ndugu wanachama; na ninyi majirani wa bonde la pili, mliokuja kwa miguu na mliokuja kwa gari mkajifanya mmechoka:

MAKARIBISHO

Karibu Ellernfurt. Tunafurahi umefika, tena umefika na viatu vya kutembelea, jambo ambalo wageni wengi hawalikumbuki. Utatusamehe kwa kukosa matarumbeta. Bendi yetu imebaki na watu watatu, na mmoja wao ameng'olewa meno Jumatatu. Keki ya plamu ipo ya kutosha.

Risala hii ilitakiwa iwe ya ukurasa mmoja. Mwenyekiti wetu, Eckart, alimwambia katibu wetu Wiebke, ambaye ndiye huyu anayekusomea, "Andika mazuri tu, umalize kahawa ikiwa bado ya moto." Wiebke akamjibu, "Mazuri nitaandika. Kahawa mtapasha." Tunaomba utuvumilie. Lakini lazima tumalize kabla ya saa kumi, maana saa kumi kamili gari la nyumba ya kutunzia wazee litamleta mwenzetu mmoja hapa ukumbini, na haya tutakayoyasema hatutaki ayasikie.

TULIKOTOKA

Chama chetu kinatimiza leo miaka mia moja na ishirini na mitano. Kilianzishwa na fundi saa, mwalimu na muuza nyama, waliochoka kuona wageni wakipotea msituni na kuja kugonga milango yao kuuliza njia wakati wa chakula. Wakaamua kuchora alama kwenye miti. Hiyo ndiyo kazi yetu mpaka leo. Mtu akitoka lango la chini la mji hana haja ya kuuliza, anafuata rangi.

Kila njia ina mtunzaji wake. Akishaipokea ni yake mpaka aiachie mwenyewe au afe. Na tuna mwiko mmoja, haukuandikwa popote, lakini hakuna asiyeujua: huweki brashi yako kwenye njia ya mwenzio. Rangi iwe imebanduka, alama iwe imepinda, unamwambia mwenyewe, basi. Kuna watu wawili humu ukumbini walinuniana miaka minane kwa sababu ya mshale mmoja. Hatutawataja, wamekaa safu ya pili.

Njia tunayotaka kuizungumza leo ni ile ya Msalaba wa Buluu, iitwayo hivyo kwa alama yake, msalaba wa buluu juu ya doa jeupe. Inaanzia langoni, inapita kinu cha zamani, inapanda mpaka kwenye msalaba wa jiwe, halafu kanisa dogo la Mtakatifu Ottilia, halafu magofu ya ngome ya Habelstein. Ule msalaba wa jiwe uliwekwa na mwokaji mikate aliyemuua jirani yake kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Hukumu yake ilikuwa auchonge kwa mikono yake na ausimike pale pale damu ilipomwagika, kila apitaye auone. Watoto wetu wote tumewapeleka pale tukawasimulia.

Njia hiyo ilitunzwa miaka thelathini na miwili na mke na mume, Ortrun na Gerwin Weidlich. Wanaojua kazi hii wanajua kwamba njia huchorwa mara mbili. Kuna alama anazoziona anayepanda, na kuna nyingine, upande wa pili wa shina, anazoziona anayeshuka. Gerwin alichora za kupandia. Ortrun alichora za kushukia. Kila mwaka kabla ya Pentekoste walipanda pamoja, Gerwin mbele na brashi, Ortrun nyuma amebeba mkate na soseji na kumkosoa. Juu ngomeni walikula, kopo la rangi likahamia mikononi mwa Ortrun, wakashuka Gerwin akimkosoa yeye. "Umeupindisha," anasema mmoja. "Mti ndio umepinda," anajibiwa. Mtu ukikutana nao ulikuwa unasikia hayo kabla hujawaona.

Gerwin alifariki miaka kumi iliyopita, mwezi wa Februari.

TULIYOFANIKIWA

Tuna njia tisa. Tuliokoa ukuta wa mashariki wa Habelstein usianguke. Tumeweka mihuri katika vituo sita, ili watembezi wagonge kwenye vijitabu vyao, na mmoja tu umeibiwa. Mengine yako kwenye karatasi uliyopewa mlangoni. Leo hatuna moyo wa kuyasoma.

CHANGAMOTO, AU TUSEME KOSA LETU

Tulikuwa tumeandika hapa habari za wadudu wa magome walioua misonobari yetu, na ni kweli wameiua. Mlima juu ya kinu umebaki visiki vitupu, mtu aliyezaliwa hapa anafika pale anashangaa yuko wapi. Lakini kujificha nyuma ya wadudu tumeona aibu.

Mheshimiwa, barua ya ofisi yako ya mwezi wa Mei inasema njia ya Msalaba wa Buluu ni ya hatari, alama zake zinachanganya watu, na kwamba ifikapo mwisho wa mwezi huu itafutwa kwenye ramani na alama zake zitakwanguliwa. Imetaja ajali ya Oktoba mwaka jana. Barua imeandikwa kwa heshima, hatuna neno. Ila njia haikukosa. Tuliokosa ni sisi.

Masika ya kwanza baada ya mazishi, Ortrun alipanda peke yake. Eckart alikutana naye karibu na kinu, akaona kopo la rangi limefungwa na brashi iko mfukoni.

"Ortrun, mbona huchori?"

"Nachora wakati wa kushuka. Kama siku zote."

"Na hizi za kupandia?"

"Hizo za Gerwin."

"Gerwin hayupo, bibi wee."

"Misalaba yake ipo," akasema, akampita.

Eckart alikuja kutusimulia, tukatikisa vichwa, tukasema ni majonzi, yatapita. Hayakupita. Mwaka wa pili vile vile, wa tatu vile vile. Alikuwa anapanda polepole, anasimama kwenye kila mti, anautazama msalaba wa mumewe kama mtu anayesoma barua, halafu anaendelea. Akifika juu anafungua kopo, anashuka akichora ya kwake. Misalaba ya kushukia ikawa inang'aa. Ya kupandia ikaliwa na mvua na ukoga, mwaka hadi mwaka.

Tulijua wote. Kila Januari kamati ilikaa, na kila Januari swali likawa lile lile.

"Nani atamwambia?"

"Wewe si ndiye mwenyekiti?"

"Mwenyekiti, sawa, lakini mimi ni mwanamume. Hayo mtazungumza ninyi wanawake vizuri zaidi."

"Ahaa. Leo ndiyo umekumbuka kwamba wanawake tunaongea vizuri."

Tulicheka, tukahamia ajenda ya pili. Na kwenda sisi wenyewe kuchora hatukuthubutu, kwa sababu ya ule mwiko. Kila mwaka tukaandika kwenye taarifa iliyokuja ofisini kwako: alama zote ziko sawa. Wiebke aliandika, Eckart akatia sahihi. Mara tisa. Huo ulikuwa uongo, Mheshimiwa, na tunaungama mbele yako na mbele ya mchungaji.

Mwaka jana Ortrun alikuwa na miaka sabini na minane na majina yalishaanza kumtoka. Wiebke alikuwa anamwita kwa jina la mama yake Wiebke. Tuliona ni uzee wa kawaida. Alhamisi ile ya Oktoba alikunywa supu yake ya viazi, akaosha sahani, akavaa koti la buluu, akatoka kwenda kutazama njia yake.

Juu ya kinu njia inagawanyika. Zamani pale palikuwa na kiza cha misonobari, sasa ni visiki na anga. Msalaba wa Gerwin ulikuwa pale, kwenye mti mnene uliobaki peke yake, lakini ulikuwa umefifia mno, hata sisi wenye akili timamu tulipokwenda kuutafuta baadaye ilibidi tuupapase kwa kidole. Ortrun aliutafuta akaukosa. Nyayo zake kwenye tope zilionyesha alizunguka pale mara nyingi. Nyuma ya mti ule ule, upande wa kushukia, kulikuwa na msalaba wake mwenyewe, mweupe na buluu, aliouchora masika ya mwaka ule ule. Hakupita nyuma ya mti. Yeye alikuwa anapanda, na mtu anayepanda anatafuta alama za Gerwin. Akashika njia ya magari ya magogo.

Usiku ule walitoka watu sitini kumtafuta, zimamoto na mbwa wao, na wenzetu wa bonde la pili. Asubuhi yake Eckart ndiye aliyemkuta, chini ya machimbo ya mawe, nyonga imevunjika, midomo imekauka. Alikuwa hai. Alimtambua Eckart, akamuuliza kwa sauti ya kulalamika, kama mtu aliyecheleweshwa:

"Gerwin amepitia wapi? Nimetafuta msalaba wake, sijauona."

Eckart ni mtu ambaye hakulia alipomzika mama yake, na alikaa chini kwenye majani akalia mpaka machela ikafika.

Mfukoni mwa koti Ortrun alikuwa na kile kigezo cha bati ambacho Gerwin alikikata mwenyewe, cha kuchorea msalaba. Hospitalini alimpa Wiebke. "Chukua," akasema. "Ila mkono wako unatetemeka, ninakujua. Bana pumzi." Hatujui kama alijua anachompa. Sisi tulikichukua kama ruhusa.

Mwezi wa Aprili tulivunja mwiko. Tulipanda watu kumi na mmoja, tukakwangua ukoga, tukachora misalaba yote ya kupandia, mia moja na arobaini na mitatu, kwa kigezo cha Gerwin. Wale wawili wa safu ya pili walishikiana kopo. Mmoja tu hatukuugusa, ule ulio karibu na msalaba wa jiwe wa mwokaji, kwa sababu pale mvua haifiki na bado unasomeka, umepinda kidogo kushoto kama Ortrun alivyokuwa akimwambia. Tulikaa pale tukala. Barua yako ilikuja wiki tatu baadaye.

OMBI

Mheshimiwa, tulikuwa na maombi sita. Kulikuwa na paa la mnara, kulikuwa na daraja la kinu, kulikuwa na mabenchi. Tumeyafuta matano. Limebaki moja.

Tunaomba njia ya Msalaba wa Buluu isifutwe. Ofisi yako imtume mtu yeyote, hata asiyewahi kuingia msituni, mgeni kabisa, apande na ashuke peke yake. Akipotea, tutakwangua alama wenyewe, hamtapata kazi ya kutuma mafundi. Kama kuna adhabu ya zile taarifa tisa, itupate sisi tulioziandika na kuzitia sahihi, Wiebke na Eckart, na chama kizima tuliokuwa tunacheka kwenye kamati. Isimpate yeye.

Na sababu ya kuomba leo, si kwa barua, ni hii. Ortrun hatembei tena. Chumba chake kinatazama mtoni, na mlima anauona akiinua kichwa. Kila Jumatano wawili wetu tunakwenda na keki. Mengi ameyasahau. Jina la Eckart limeondoka wiki hii. Lakini kila Jumatano, kabla hajagusa uma, anauliza swali moja.

"Njia iko wazi?"

"Iko wazi, Ortrun."

"Za kushukia?"

"Ziko sawa."

"Na za Gerwin?"

"Nazo ziko sawa."

Hapo ndipo anakula.

Miaka tisa tulisema alama ziko sawa, na ulikuwa uongo. Tangu Aprili tunasema ziko sawa, na ni kweli, kwa mara ya kwanza ni kweli. Mwisho wa mwezi huu itakuwa uongo tena, na safari hii uongo wa kumwambia usoni, kila Jumatano, huku uma ukimngoja. Tumejaribu kufanya mazoezi. Hakuna kati yetu anayeweza.

HITIMISHO

Sasa ni saa kumi kasoro dakika chache na gari limeshaingia uani, tunalisikia. Ataingia kwa kiti cha magurudumu, amevaa koti la buluu ingawa kuna joto, na tumemwekea nafasi karibu yako kwa sababu wewe ndiye mgeni. Ameambiwa leo atakuja mtu wa wilaya mwenye mamlaka juu ya njia zote. Hilo hajalisahau tangu Jumatano.

Atakuuliza. Tunakuomba umjibu wewe, Mheshimiwa. Sisi tutanyamaza, na jibu lolote utakalompa ndilo tutakalompelekea kila wiki.

Mungu akulinde wewe na wa nyumbani kwako, akupe miguu mizima mpaka uzeeni, na kila unapopanda ukute mtu amekutangulia kukuwekea alama.

Ni sisi,

Wanachama wa Chama cha Watembea Milima na Watunza Njia,
Ellernfurt