Visigino vya Dobi

Kila anayetaka kwenda kule mlimani kwa miguu huletwa kwangu. "Nenda kwa bibi wa kahawa, atakueleza." Niwaeleze nini? Sijafika. Shule niliishia darasa la pili, na safari yangu ndefu kuliko zote ni ya kutoka jikoni kwangu mpaka benchini, birika mkononi. Lakini mmenichosha. Naandika mara moja, anayejua kusoma asome, asiyejua asomewe, na mlango wangu usigongwe tena.

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, umeegemea kibanda cha kinyozi. Wakaaji wake ni watatu. Kinyozi mwenyewe tunamwita Wembe, mwanamume wa mikono laini inayonukia sabuni. Kilomita aliendesha lori miaka thelathini, na sasa hata chumvi ya hapo ng'ambo ya barabara hutuma mtu. Karani ni mstaafu. Kila jambo amelisoma mahali, ila mahali penyewe hapakumbuki.

Jioni moja akaja Dobi. Huyu ni mtoto wa mdogo wangu, hufua mashuka ya hospitali kwa mikono. Mume wake ni fundi wa kupaka rangi, alianguka kutoka ghorofa ya pili akalala siku tisa hajui usiku wala mchana. Dobi akaweka nadhiri: akiamka, nitakwenda kwenye ile nyumba ya maombi mlimani kwa miguu yangu, bila kupanda chombo hata hatua moja. Mume akaamka, akaulizia chakula. Basi Dobi akaomba likizo, akapewa siku kumi na nne, na akaambiwa mwaka huu hakuna nyingine. Nane za kwenda, moja ya kurudi kwa basi, zilizobaki za kukanda magoti.

— Shikamooni wazee. Naondoka kesho alfajiri. Nipeni neno la kunifaa njiani.

Ungemwona Kilomita alivyokaa wima!

— Marahaba, binti. Kwanza viatu. Hivyo ulivyovaa vina umri gani?

— Miaka miwili.

— Tupa! Mimi sikuwahi kuanza safari na tairi kuukuu. Nunua vipya. Kipya kinyemi.

— Ingawa kidonda, nikammalizia. Methali umeikata mkia, Kilomita.

— Bibi, wewe mimina kahawa. Pili, mzigo. Lori tupu linarukaruka, linakukosesha usingizi. Lori lenye shehena linatulia barabarani. Jaza begi, binti. Sufuria, blanketi, unga. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na maji asinywe, akaingia Karani. Nilisoma mahali. Maji yakiingia tumboni yanateremkia miguuni, miguu inavimba. Tena leo alale miguu imeelekea mlimani, ili izoee upande.

— Izoee upande! Kwani ni ng'ombe?

— Imeandikwa, Bibi.

— Na nani?

— Na mtu aliyesoma.

Dobi alicheka, lakini hakuwa mjinga. Viatu vipya hakununua, na begi alilipunguza. Hapo Wembe, aliyekuwa akinoa, akamtazama miguuni.

— Dada, utakwenda mahali patakatifu na visigino hivyo? Vimepasuka kama ardhi ya kiangazi.

— Ni sugu tu, kaka. Miaka yote nasimama kwenye saruji.

— Sugu ni ngozi iliyokufa. Utabebaje maiti siku nane? Kila hatua unainyanyua! Na zina nyufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leta miguu hapa, bure kabisa, iwe mchango wangu katika hija yako.

Nasema ukweli, maana nimezeeka mno kuanza uongo: maji ya moto nilitoa mimi. Beseni pia langu. Nilidhani atasugua tu. Yeye akachukua wembe, akakata, akakwangua, akasugua kwa jiwe, akapaka mafuta. Alipomaliza, visigino vya Dobi vilikuwa vyekundu, laini kama vya kichanga.

— Najiona mwepesi, alisema Dobi.

— Si nilikwambia! Utaruka.

Akaondoka alfajiri. Siku ya tatu, saa tisa mchana, lori la kabichi likasimama mbele ya benchi, wakamshusha Dobi wamemshika makwapa. Nilifungua vitambaa alivyojifunga miguuni. Ngozi ya visigino ilikuwa imetoka nzima, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Alitembea siku moja na nusu. Nusu ya pili, alisema, alitembelea vidole.

— Kilichoniuma si miguu, mama mkubwa. Nimepanda gari. Nadhiri imevunjika, na likizo ndiyo hii inakwisha nimelala.

Tukamkalisha, miguu juu ya ndoo. Na benchi, badala ya kunyamaza, likafungua kikao.

— Ni viatu kuukuu, alisema Kilomita. Nilisema.

— Alikunywa maji, alisema Karani. Dobi, ulikunywa?

— Nilikunywa.

— Si mnaona!

— Ni lami, alisema Wembe haraka. Lami ya siku hizi wanachanganya dawa. Inachoma kutokea chini.

— Au ni mwezi, akasema Karani. Mwezi ukiwa mchanga damu inapanda kichwani, miguu inabaki mitupu.

Hapo alikuwa amesimama muuza mafagio, mtu mgeni, mafagio ishirini begani, anangoja kahawa yake. Nilimwuliza kama anaijua njia ya mlimani. Akasema ameipita mara nyingi, mahujaji hununua mafagio ya kufagilia wanapolala.

— Basi wafundishe hawa.

— Nifundishe nini, Bibi? Kiatu cha safari ni kile ulichokwisha kugombana nacho mkapatana. Mzigo, tandika vitu vyote kitandani, kisha rudisha nusu kabatini. Maji kunywa kabla ya kiu. Soksi zikilowa, vua, vaa kavu. Na kisigino kikianza kuunguza, simama hapo hapo ukifunge, usiseme ngoja nifike kwenye kivuli. Siku mbili za kwanza tembea kama unayefuata jeneza. Basi.

Akainama, akavitazama visigino vya Dobi. Akamtazama usoni, akaitazama mikono yake.

— Huyu ni mtu wa kazi za kusimama. Sugu zake ziko wapi?

Kilomita alikagua kucha zake. Karani alitafuta mahali aliposoma. Mimi nililiangalia beseni langu. Wembe alinyanyua kikombe kilichokuwa kitupu tangu asubuhi, akanywa.

— Wembe, nikasema, mgeni ameuliza.

— Nilitaka awe msafi, Bibi.

— Sugu ndiyo kiatu cha kwanza, alisema muuza mafagio, akalipa, akaondoka.

Likizo ilikwisha Dobi akiwa kitandani. Akarudi kwenye karo la kufulia hospitalini, na kila jioni akazunguka uani kwangu peku mpaka ngozi ikakaza. Ilichukua miezi miwili. Kwenda tena, msimamizi wa hospitali alikataa katakata. Likizo hakuna, labda amlete mtu wa kufua mahali pake, siku zote kumi na nne, bila kukosa hata moja.

Nilikwenda kibandani kwa Wembe mimi mwenyewe. Sikukaa.

— Funga duka.

— Bibi, nina wateja!

— Na yeye alikuwa na visigino.

Akafunga. Dobi akaondoka na viatu vyake vya zamani, akafika siku ya tisa kwa sababu alisimama kila kisigino kilipomuunguza, akarudi kwa basi, akalala.

Wembe alifua. Mashuka ya wodi tatu, kila siku, damu na mengineyo, dawa ya kung'arisha ikila vidole. Siku ya tano ngozi ya viganja ikamtoka. Aliniomba mafuta, nikampa. Aliniomba nimwombee ruhusa ya siku moja, sikumpa. Siku kumi na nne zilipotimia hakuweza kushika wembe kwa wiki tatu zaidi, na wateja wake wakahamia kwa kinyozi wa mtaa wa pili, mpaka Kilomita naye, yule wa kutuma mtu chumvi, aliyeutembea mwendo wote huo kwa miguu yake.