Zamu ya Kuugua katika Kiwanda cha Mama Safia

Wasikilizaji wapendwa, poleni na kazi za leo. Mwenye redio yenye betri dhaifu aisogeze karibu. Mtu tunayemkumbuka hakuwa na sauti kubwa, na sisi hatutampandishia sauti baada ya kufa.

Tunamkumbuka Mama Safia Iliasi, mtengenezaji wa sabuni, wa hapa Kasongo. Alizikwa Ijumaa baada ya swala. Ni yule Mama Safia aliyewaandikisha wafanyakazi wake katika mutuelle ya afya, ule mfuko wa kuchangia matibabu. Tunarudia kwa waliochelewa kufungua redio: aliwaandikisha wafanyakazi wake wote, hata yule asiyetaka.

Alizaliwa Nyangwe, karibu kabisa na mto. Aliolewa Kasongo. Mumewe alipofariki, alimwachia binti mmoja, Chadia, na pipa moja la chuma. Mama Safia alimlea binti, na pipa akalitia mawese na soda kali, akapika sabuni. Wanafunzi wa internat, wale wa bweni, wanaikumbuka sabuni ile. Ilitoa wino, ilitoa doa la mafuta, na usipoangalia ilitoa ngozi. Tunasema haya kwa heshima zote.

Kiwanda kilikua. Aliajiri watu saba. Kisha siku moja soda ilimrukia Jean-Marie, mkorogaji, ikamchoma mkono mpaka kwenye kiwiko. Akalazwa hospitalini. Akapona. Lakini hakuachiliwa kutoka, kwa sababu hakuwa na cha kulipa. Mnajua mambo hayo, wasikilizaji wapendwa. Mtu mzima, mzima kabisa, amekaa wiki nyingi kwenye kitanda cha wagonjwa akiwasubiri ndugu. Mwishowe Mama Safia alimkomboa kwa katoni za sabuni. Inasemekana msimu ule hakukuwa na mashuka meupe kama ya hospitali ile katika wilaya nzima.

Baada ya hapo ndipo Mama Safia alipoisikia mutuelle. Sharti lake lilikuwa rahisi. Kila mwezi tajiri anatoa nusu, mfanyakazi anakatwa nusu kwenye mshahara. Ukiugua, unaonyesha kadi, unatibiwa. Lakini mutuelle haikupokea mtu mmoja mmoja, maana wangekuja wagonjwa peke yao. Iliwataka wote saba au ikawaacha wote saba.

Mama Safia akaanza kueleza. Alieleza asubuhi pipa likichemka. Alieleza mchana watu wakila. Wengine walisema kulipa ukiwa mzima ni kuuita ugonjwa. Alimasi, aliyekuwa mkorogaji wa pili na msemaji wa kwanza, alipinga kuliko wote.

"Mama, mimi sijagonjwa tangu nizaliwe. Nitalipia ugonjwa wa nani?"

"Wa Jean-Marie."

"Basi Jean-Marie alipe."

Watu walicheka, na Jean-Marie naye akacheka, akijikuna kovu. Maelezo yakaanza upya. Yaliendelea tangu mvua za kwanza mpaka kiangazi. Mpaka jioni moja, Mama Safia amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu imevimba, Alimasi akaja na swali jipya. Aliuliza kama jambo hili liko kama likelemba, ile ya sokoni, kila mtu anatia, na kila mtu anapata kwa zamu yake.

Chadia alikuwepo. Ametuambia hivi: "Mama alichoka. Nilimuona. Alisema ndiyo kama vile mtu anafunga mlango akalale."

Ndiyo, alisema Mama Safia. Iko kama likelemba. Tieni sahihi.

Wakatia sahihi wote saba, jioni ile ile, kwa furaha. Na kwa kuwa likelemba haiendi bila zamu, wakapanga zamu. Mwezi huu anaugua fulani, mwezi ujao fulani. Alimasi alipata mwezi wa pili. Mwezi wa pili ulipofika, alikuwa mzima kama ng'ombe. Akaenda kituo cha afya hivyo hivyo, akalalamikia jino, kisha goti, kisha usingizi. Wakampa dawa ya minyoo. Alirudi kifua mbele kama aliyetoka kuoa. Olga, mpimaji wa mafuta, alibadilishana zamu yake na Jean-Marie, akaongezewa kuku.

Mama Safia alisikia yote. Chadia alimwambia awarekebishe. Akajibu kwamba wanalipa, na kadi ziko, basi aachwe apumzike kidogo. Tunaomba mlishike neno hilo: apumzike kidogo.

Mwezi wa nne wa zamu hizo Célestine akaanza kuumwa tumbo. Célestine alikuwa mkataji wa sabuni, mama wa watoto wawili, mtu wa maneno machache. Alisema ni mihogo. Kesho yake alikata sabuni akiwa ameinama, mkono mmoja ubavuni. Vipande vilitoka vimepinda, na Alimasi akamtania kwamba leo anauza ndizi. Siku ya tatu alianguka kando ya meza.

Mama Safia alipiga magoti, akamshika uso. Akauliza kadi iko wapi.

"Iko nyumbani, Mama," alisema Célestine. "Lakini zamu yangu iko mwezi wa saba."

Wasikilizaji wapendwa, tunarudia. Alikuwa na kadi. Alikuwa amelipa. Alikuwa anakufa, na alikuwa anasubiri zamu yake.

Hakuna aliyecheka. Walimweka kwenye pikipiki, katikati ya dereva na Mama Safia, na Alimasi akakimbia kuileta kadi. Daktari alimpasua siku ile ile. Alisema kungekucha kidole-tumbo kingekuwa kimepasuka. Célestine aliishi. Yuko hai, anatusikiliza sasa hivi, na bado hasemi sana.

Mama Safia alikusanya watu. Hakukaa. "Mimi ndiye niliwadanganya," alisema. "Nilichoka, nikasema ndiyo. Hii haiko likelemba. Zamu hakuna. Anayegonjwa, yeye ndiye."

Alimasi akauliza, na asiyegonjwa je, anapata nini?

"Célestine yuko hai. Hicho ndicho umepata."

Mngependa tuwaambie kwamba wote walielewa. Hapana. Wawili walitaka kujitoa. Alimasi alidai zamu zake zilizobaki. Mama Safia akarudi kwenye ndoo yake, akaanza mwanzo. Na kila alipoajiri mtu mpya alianza mwanzo tena, miaka yote hii, mpaka sauti ikawa nyembamba. Lakini ndiyo ile hakuisema tena kiwandani.

Mwaka huu figo zake zilikataa. Kadi yake, maana naye alijiandikisha, ililipa kitanda, ililipa maji ya mshipani, ililipa ilichoweza. Ugonjwa ulikuwa mkubwa kuliko kadi. Siku moja Alimasi aliingia wodini, amevua kofia. Alitoa kadi yake kwenye mfuko wa plastiki, safi, haijakunjwa hata pembe, akaiweka kitandani.

"Mama, miaka yote sijagonjwa. Zamu zangu ziko zote. Chukua."

Chadia alikuwa anamshika mama yake mkono. "Nilijua ataanza kueleza tena," anasema. "Nilitaka kumwambia Alimasi atoke."

Mama Safia aligonga mto wake kwa kidole.

"Ndiyo," alisema. "Iweke hapo."

Akafunga macho. Alifariki keshokutwa yake, alfajiri. Kadi ya Alimasi ilikuwa chini ya mto wake.

Tunatoa pole kwa Chadia, kwa ukoo wote wa Nyangwe, na kwa watu wa kiwandani. Mungu amlaze mahali ambapo hakuna wa kuelezwa. Na wewe mwenye duka, mwenye mashine ya muchele, mwenye karakana, ukiwa na watu wako, fikiri leo ni nani kati yao anaumwa akisubiri zamu. Na wewe unayeelezwa, jaribu kusikia mapema. Anayekueleza naye ana miguu.

Jumatatu Chadia alifungua kiwanda. Ameajiri mama mmoja kutoka Wamaza, hodari wa kazi. Kabla ya kutia sahihi, mama huyo aliuliza kama mutuelle iko kama likelemba. Chadia aliivuta ile ndoo, akaipindua, akakaa.

Tunampa pole kwa hilo pia.