Bi Hodi Anaiaga Wodi ya Wazee

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Muuguzi Kiongozi wa wodi ya wazee wenye maradhi ya akili anastaafu tarehe 30 Juni. Wodini hakuna anayemwita kwa cheo chake. Anaitwa Bi Hodi.

Alianza kazi zama ambazo mzee akirusha ngumi, wauguzi wanne walimvamia, na sindano ikafuata. Yeye alisimama pembeni, viganja wazi, akapiga hodi kando ya kitanda na kungoja aambiwe karibu. Wenzake walimtania: kwani kitanda kina mlango, dada? Alijibu kwamba mwenye kitanda anao. Mmoja aliyemwiga alipiga hodi huku keshashika mkono wa mgonjwa, akamwagiwa chai kifuani. Bi Hodi alimsahihisha: hodi ya aliyekwisha kuingia si hodi, ni taarifa.

Wengi tunamkumbuka mzee fundi cherehani, mpole kama njiwa, ambaye asubuhi moja alimpiga muuguzi kwa mkongojo. Iliamuliwa kwamba akirudia atahamishiwa wodi ya kufungiwa, na bintiye alikuwa akilia koridoni. Bi Hodi aliomba aachiwe nafasi. Aliwatoa watu, akazima redio, akapiga hodi. Akapiga tena. Mara ya tatu mzee alinguruma: karibu, lakini usiniguse tumbo! Hapo siri ikafichuka. Mkojo ulikuwa umeziba. Daktari aliitwa, mpira wa kutolea mkojo ukawekwa, na kabla ya chakula cha mchana mzee alikuwa akimkaripia bintiye kwa kuvaa gauni lenye upindo ulioshonwa ovyo. Binti alicheka huku akijifuta machozi.

Tangu hapo, hakuna anayeruhusiwa kusema mgonjwa "amebadilika ghafla" kabla ya kutafuta maumivu, homa, choo kigumu au dawa mpya.

Tulihofu kwamba angeondoka na hodi yake. Wiki iliyopita, Bi Hodi akiwa likizoni, bibi mmoja alirusha kikombe ukutani. Wauguzi wote walisimama penye pazia, wakapiga hodi kwa pamoja. Bibi aliwaamuru wangoje kwanza ajifunge kitambaa kichwani. Wakangoja. Hakuna aliyeumia, nasi tukashusha pumzi.

Bi Hodi, ahsante. Mumeo na wajukuu wakupokee ukiwa na afya, na siku zako ziwe za raha. Ukija kututembelea, usipige hodi: karibu yako imekwisha kutolewa.